Alichosema Yule Mama Botini

Rotterdam, Jumapili asubuhi

Dada yangu Khadija,

Amani na rehema za Mwenyezi Mungu zikukute hapo ulipo, ukiwa mzima wewe na shemeji na watoto, na goti la Mama likiwa limepunguza kiburi chake. Lakini kabla hujaendelea, nakuomba kitu. Panda juu, funga mlango, uisome barua hii peke yako. Ukimaliza shuka uwape watu salamu zao. Yaliyo katikati ni yako.

Najua umeshangaa kuona barua. Mtu wa siku hizi akipokea bahasha iliyoandikwa kwa mkono hudhani ni msiba au mahakama. Si msiba. Ni habari njema, ila nimeona niziandike kwa sababu simu ya nyumbani kwetu si simu, ni redio. Mama akishaipokea huiweka spika akaiegemeza kwenye birika, na papo hapo nyumba nzima imo: wewe, watoto, Bi Nuru wa jirani aliyekuja kuomba bizari, na mtu mwingine nisiyemjua anayeniuliza kama huko kuna baridi. Mara tatu nimejaribu kukueleza jambo hili na mara tatu nimeishia kueleza baridi. Basi nimempa Fatma wa Bi Nuru, aliyemaliza masomo yake hapa na sasa anarudi nyumbani Amu, akutilie mkononi mwako mwenyewe.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Tena mzima wa kweli, si ule wa kujibia salamu. Nala chakula nikakisikia ladha. Nalala. Jana nililala mchana baada ya adhuhuri mpaka nikakaribia kupitwa na alasiri, jambo ambalo sijalifanya kwa muda wa karibu mwaka.

Utakumbuka siku ile nilipokupigia ukiwa kwenye cherehani yako, nikakuomba upande boti uende Faza, umtafute mkunga Bi Zena, na umwombe amuulize mama fulani neno moja faraghani. Ulisema, "Kuna nini huko?" Nikakwambia, "Dada, usiniulize sasa." Ukasema, "Haya, ntakwenda yeo." Ulikuwa na magauni ya arusi ya watu hayajaisha, na ukaenda siku ile ile. Hukuniuliza tena mpaka nilipopata tuzo ya filamu. Sasa nakueleza.

Nianze na hiyo tuzo, maana najua hata wewe hujaielewa vizuri. Ami Swaleh alinipigia habari zilipofika huko. "Mwanangu," akasema, "kile kipande kwenye simu tumekiangalia mara nne. Mato yametuuma. Hatukukuona." Nikamwambia, "Ami, mimi simo ndani." Akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa hiyo tuzo wamekupa ya nini?"

Mpigapicha hutoka akapiga picha siku nyingi sana. Akirudi ana saa na saa za picha na sauti: watu wanakula, wanangoja, wanagombana, wanapiga miayo. Hiyo bado si filamu. Ni mimi ninayekaa nazo kwenye kompyuta miezi, nasikiliza kila neno, nachagua kipi kibaki na kipi kiondoke, kipi kitangulie na kipi kifuate, uso gani utazamwe na kwa muda gani. Nikifanya vizuri hakuna anayejua kama nilikuwapo. Ndiyo maana Ami hakuniona.

Na kazi yenyewe nilianzia wapi kama si kwa Bi Aisha, pale dukani kwake alipokuwa akitengeneza kanda za arusi? Ulinipeleka wewe, nimemaliza shule sina la kufanya. Alinichukua kwa sababu alihitaji mwanamke. Arusi zetu unazijua: mabibi wakishafunga mlango wakavua mabuibui, wakaanza kucheza, picha zile haziwezi kupita machoni mwa fundi mwanamume. Bi Aisha alinikalisha mbele ya kompyuta yake iliyokuwa ikipata moto kama pasi, akanionyesha namna ya kukata. Siku ya kwanza alinishika bega akasema, "Humu utaona wake za watu na mama za watu wamefurahi. Ukitoka mlango ule hukuona mtu." Nilikaa kwake miaka mitatu. Kisha Mombasa, kisha Nairobi nikikata matangazo na vipindi vya televisheni, kisha skoli ya filamu huku Uholanzi, na tangu hapo miaka kumi na moja.

Sitakudanganya kwamba yote kumi na moja yalikuwa mazuri. Kuna mwaka mzima nilikata matangazo ya magodoro. Mama aliponiuliza nafanya kazi gani nilimwambia nafanya filamu za watu waliolala, akacheka, nami nikacheka, na nilipokata simu nililia. Kibali changu cha kuishi hapa hufuata kazi. Kazi ikiisha, kibali nacho huhesabu siku zake. Hilo sikuwahi kulitaja mbele ya ile spika.

Ndipo alipokuja Njeri. Nimewahi kukutajia Njeri: mwongozaji wa filamu, mtu wa Nyeri, amekuwa rafiki yangu miaka minane hapa, ndiye aliyenipikia mukimo nilipokuwa na homa. Alikwenda kutengeneza filamu juu ya Bi Zena, yule mkunga wa Faza ambaye kwa miaka amekuwa akiwachukua kina mama wenye uchungu mzito kwa boti mpaka hospitali ya Amu. Njeri aliishi Faza majuma kadhaa pamoja na mpigapicha wake, msichana wa Kisumu. Aliporudi akaja kwangu na sanduku la picha, akasema, "Hii ni nyumbani kwenu. Siwezi kumpa mtu mwingine." Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima. Nilisujudu kumshukuru Mungu.

Katika picha zile kuna siku moja ambayo kila mtu aliyeiona alisema hiyo ndiyo filamu. Ni asubuhi. Bi Zena anampakia botini mama mmoja kijana ambaye uchungu umemshika tangu jana yake. Jina lake unalijua, mimi sitaliandika. Mumewe alikuwa Mombasa kikazi. Boti ikaondoka vizuri, lakini walipofika kwenye mkondo wa Mkanda maji yalikuwa yamekupwa, wakakaa kwenye tope. Nahodha na mwenzake wakashuka kutafuta pa kuisukumia, wakawa mbali. Msichana wa Kisumu alijisogeza mpaka omo, kule mbele kabisa ya boti, na kamera yake ili asiwabane. Ndani wakabaki Bi Zena na yule mama. Wakangoja maji kwa muda wa karibu saa mbili.

Na hapo yule mama akasema. Alishika mkono wa Bi Zena akaanza kusema kwa sauti ya chini, akilia, akakatishwa na uchungu, akaanza tena. Kamera ilikuwa mbali lakini inauvuta uso wake karibu kabisa, na uso ule, Dada, hutaweza kuuondolea macho. Walichosahau wote ni maiki ndogo iliyobandikwa kwenye leso ya Bi Zena tangu asubuhi. Ilichukua kila neno.

Njeri haelewi Kiamu vizuri, sembuse kile cha Faza. Walimpa mtu huku aliyejua Kiswahili cha shuleni aandike maneno yale ili yatafsiriwe. Aliandika kwamba mama anamwita mamake na anaomba dua. Mahali fulani aliandika "ana njaa", kumbe alikuwa amesema "ndiani", yaani njiani. Mimi nilivaa hedifoni siku ya Jumanne, mvua inanyesha dirishani, nikiwa tayari kusikia dua. Wewe wajua bibi yetu mzaa mama alitoka Faza, na lugha ile tulilelewa nayo. Nilisikia mpaka mwisho. Kisha nikavua hedifoni nikageuka nyuma yangu kuangalia kama kuna aliyesikia, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Alikuwa anaamini anakufa. Alikuwa anamwachia Bi Zena jambo la nyumba yake asilotaka kwenda nalo kaburini. Likijulikana Faza, ndoa yake imekwisha, na pengine si ndoa tu.

Kwa rehema ya Mungu hakufa. Maji yalijaa, boti ikaelea, mtoto wa kike akazaliwa hospitali Amu mchana ule ule, wote wawili wazima. Lakini maneno yalibaki kwenye kompyuta yangu, na filamu ile ilikuwa imepangwa kuonyeshwa duniani kote, na Faza kwenyewe, uwanjani, watu wote wakialikwa.

Shetani alinijia. Akaniambia futa, sema sauti iliharibika. Lakini nakala nyingine ilikuwa kwa mtayarishaji. Nikamwita Njeri.

"Hiki kipande hakiwezi kuingia," nikamwambia.

Akacheka. "Kipi? Hiki ndicho filamu yenyewe."

"Anasema mambo yake ya ndani. Akisikika ameharibikiwa."

"Lakini hapa imeandikwa anaomba dua."

"Aliyeandika hakuelewa."

"Sawa, basi anasema nini?"

"Siwezi kukuambia."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango nyumbani kwake. "Mimi? Mimi ndiye mwongozaji, na ni mimi Njeri. Huwezi kuniambia mimi?"

"Hakukuambia wewe. Hakuniambia hata mimi. Alimwambia Bi Zena."

Akasema basi tuondoe sauti tu, tuweke muziki, uso ubaki. Nami nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Nilizima sauti nikaitazama midomo yake, nikasoma karibu kila neno. Kama mimi nimesoma, Faza nzima itasoma. Njeri akainuka akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili tukakaa na mtayarishaji, Bwana Maarten, mzee mmoja mrefu ambaye ndiye aliyehangaika kutafuta fedha za filamu. Si mtu mbaya, usimfikirie vibaya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Unaniomba nitupe kilicho bora katika filamu hii kwa sababu ya siri ambayo hata mimi hutaki kuniambia."

Nikasema, "Ndiyo."

"Huyu mama alitia sahihi fomu ya idhini."

"Alitia sahihi kabla hajapanda boti. Alikubali kupigwa picha. Hakukubali kusikilizwa anapodhani anakata roho."

Akasema basi wangetafuta mtu mwingine wa pwani aje asikilize, ili yeye apate kuamua kwa haki. Kwake lilikuwa jambo la busara. Kwangu halikuwa. Mtu mwingine wa pwani maana yake sikio jingine, na sikio la nani? La mtu mwenye ndugu Faza, au Siyu, au Mombasa karibu na mume. Nikamwambia kama ataingia msikilizaji mwingine mimi natoka katika kazi hii. Dada, sijui maneno yale yalinitoka wapi.

Ijumaa nikapata barua ya kuambiwa nipumzike nyumbani mpaka watakapoamua. Kibali changu kilikuwa kimebakiza miezi miwili.

Siku zile ndizo nilizokuwa nikimwambia Mama nina mafua. Nilikuwa nakaa jikoni nikiitazama meza. Nilijiuliza kama nimefanya kwa ajili ya yule mama au ni kiburi changu. Nani aliyeniteua kumlinda? Pengine yeye mwenyewe angetaka asikike. Pengine amechoka kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeamua juu yake kama walivyoamua wao, tofauti ni kwamba mimi niliamua kumficha. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi zaidi ya kibali. Ndipo nikaona kwamba wa kuulizwa ni mmoja tu, na hakuna aliyemuuliza. Kwa simu halisemeki. Kumpeleka Njeri na watu wa filamu ni kumtangaza. Ila mwanamke wa Amu anayekwenda Faza kupeleka nguo alizoshona, nani atakayemtilia maanani?

Nikakupigia wewe, upeleke swali lenyewe: ya siku ile ya boti, aonekane na asikike, au la?

Jumapili ile uliyokwenda, kabla hujarudi, mlango wangu ukagongwa. Njeri, na mfuko wa unga na sukumawiki. Hakunisalimu. Akaingia jikoni akabandika maji. "Nimekasirika," akasema akinipa mgongo. "Usidhani sijakasirika. Lakini Maarten amenitajia majina mawili ya watu wa kusikiliza na yote nimeyakataa. Nimemwambia nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sijui. Miaka minane sijakusikia ukisema uongo. Kata vitunguu."

Tulikula ugali. Nikamweleza kwamba wewe uko njiani.

Jumatatu ikaingia ile picha uliyonitumia, ya karatasi ya daftari. Nimeisoma mara nyingi mno. "Picha yangu waiweke. Maneno yangu wayatoe. Nisionekane mdomo ninaposema." Chini yake sahihi yake, ile ile ya kwenye fomu, na ya Bi Zena kama shahidi. Na wewe ukaniandikia: "Alilia, kisha akacheka, kisha akaomba karatasi mwenyewe." Nilijifunika uso kwa mtandio. Hakusema afichwe, Dada. Alitaka awemo, mradi achague mwenyewe kipi kiwemo. Ningemwondoa kabisa kama ningeachiwa, na ningekuwa nimemkosea.

Njeri ndiye aliyemsomea Bwana Maarten ile karatasi kwa lugha yake. Mzee akaiomba simu, akaitazama sahihi muda mrefu, akailinganisha na ile fomu. Akauliza jambo moja tu: "Wiki tatu zitakutosha?"

Nikasema zitatosha. Zilikuwa ngumu kuliko wiki zote za kazi yangu. Uso wa mama ninao lakini siwezi kuutumia anaposema, na anasema karibu muda wote. Nilirudia picha zote za boti ile mwanzo hadi mwisho, hata zile ambazo kamera ilikuwa imesahauliwa inaangalia mbao. Siku ya tisa nikakipata. Yule msichana wa Kisumu mguu ulikuwa umemfa ganzi, akajisogeza, na kamera ikahama kutoka kwa mama ikamwangukia Bi Zena, ikakaa hapo. Ni Bi Zena anasikiliza. Hatikisi kichwa, hashtuki, hamwambii nyamaza wala pole. Anasikiliza tu, kama anapokea kitu kizito anakitafutia pa kukiweka. Mkono wa mama umo kwenye kiganja chake, na kila uchungu ukija vidole vinabana. Mara moja anachukua ncha ya leso yake akampangusa jasho. Mwisho anayatazama maji kama yameanza kurudi.

Nilikiacha kama kilivyo. Karibu dakika mbili bila kukata popote. Sauti niliondoa yote ya ndani, nikaweka ile ya maji yanayoingia polepole kwenye mikoko na ubavu wa boti. Kazi yangu ni kukata, na pale nilitakiwa niuzuie mkono.

Njeri alipokiona alivua miwani akaifuta, akaivaa, akakirudia. Kisha akasema, "Sitakuuliza tena." Na hajaniuliza.

Kabla mtu yeyote mwingine hajakiona tulimtumia Bi Zena, akamwonyesha mwenyewe mama, faraghani, siku ya kliniki. Nilingoja jibu nimeshika simu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Likaja neno moja: "Sawa." Nilikaa chini sakafuni, Dada. Tuzo ilikuja baadaye, na ilikuwa kubwa, lakini nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimeshakipata siku ya "sawa".

Tuzo walinipa mbele ya ukumbi uliojaa. Nilivaa lile gauni la zambarau ulilonishonea, mikono ilikuwa mirefu kidogo nikaikunja. Aliyesoma matokeo alisema kwamba miongoni mwa filamu zote walizoziona mwaka huu, zile dakika mbili za mwanamke anayemsikiliza mwenzake ndizo zilizowanyamazisha majaji. Walidhani ni ufundi wa kubuni. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hotuba niliyoiandika ilinitoka yote kichwani, nikamshukuru Njeri, Bwana Maarten, msichana wa Kisumu na mguu wake, Bi Zena, na dada yangu fundi cherehani wa Amu. Watu wakapiga makofi wasijue wanakupigia kwa lipi. Sasa wewe unajua.

Kibali changu wamekifanya cha miaka mitano. Siku nilipokichukua nilipanda tramu nikakosea upande, nikafika mwisho wa mji, na sikuona kama nimepotea. Kazi mbili nyingine zimeniita. Magodoro basi.

Nimebakiza moja. Najua unangoja nikwambie alisema nini. Nilikuahidi kwamba nitaandika kila kitu, na nimeandika kila kitu isipokuwa hicho, na sitakiandika. Hata wewe uliyevuka maji kwa ajili yake. Ninajua utanuna siku moja, kisha utanielewa, maana wewe mwenyewe ulikaa naye chumba kimoja, ukamwona analia, na hukumuuliza.

Juzi Bi Zena alinipigia kwa picha akiwa kwenye kituo cha afya. Akasema, "Kuna mtu hapa ataka kukuona," akageuza simu. Alikuwa ni yeye, amempakata binti yake ambaye sasa ana mashavu kama maandazi, ametoka kuchanjwa na amekasirikia dunia nzima. Sote wawili tuliona haya. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ati ile picha imekwenda mbali sana?"

"Imekwenda mbali, dada. Mpaka nti nisizozijua."

"Na mkono wangu waonekana?"

"Waonekana vizuri."

"Na hina?" akauliza. "Maana nalikuwa nimetoka arusini kwa wifi yangu. Siku mbili tu nimepaka."

"Hina yako ndiyo inayoonekana kuliko kitu chochote. Imekolea nyekundu."

Akacheka, cheko la sauti kabisa, mpaka mtoto akanyamaza akamtazama. "Alhamdulillahi," akasema. "Nisije nikaonekana na watu wote hao mikono mitupu."

Sasa waweza kushuka. Mpe Mama mkono wangu na umwambie dawa ya goti anayo Fatma, ya kupaka, asiinywe. Nisalimie shemeji, na mwambie simu aliyoitaka nimeiona lakini rangi ile hawana. Nisalimie Ami Swaleh, mwambie nimeuliza na ni kweli kabisa simo ndani. Shangazi Mwanaidi nimemwekea kitambaa, wewe ndiye utakayemshonea, msigombane kwa ajili ya kola. Bi Nuru mpe pongezi za kumpata binti yake salama. Bi Aisha, ukimpitia dukani, mbusu mikono. Na ukienda tena Faza kupeleka nguo, Bi Zena mpe salamu zisizo na maelezo, atazielewa.

Tiketi nimekata. Nakuja mwezi wa Agosti, mwezi mzima, kwa mara ya kwanza bila kazi ya kubeba. Nitandikie ukumbini karibu na dirisha, uwaambie watoto wasiniamshe ila kwa chakula. Siku ya tatu nitaamka nikusaidie kutia vifungo.

Mdogo wako akupendaye,

Salma